Mjadala: Klabu za riadha Mwanza zinunue chavua na maziwa ya nyuki?

Hoja: Klabu zinashawishiwa ziwanunulie wakimbiaji chavua (unga wa maua unaokusanywa na nyuki), maziwa ya nyuki (chakula cha nyuki malkia) na gundi ya nyuki (utomvu wa kuzibia mzinga) kama "nguvu za asili". Fedha za klabu ziende huko?

Kocha, Nyegezi: Asali ndiyo, vingine hapana. Takribani asilimia 80 ya asali ni sukari, hasa fruktosi na glukosi, na utumbo hufyonza kila moja kwa njia yake. Kwa anayekimbia zaidi ya saa moja: lita ya maji safi, vijiko 4 vya chakula vya asali, robo kijiko cha chai cha chumvi. Hapo kuna karibu gramu 68 za sukari. Anywe kidogo kidogo, nusu lita mpaka lita kwa saa. Kosa tunaloliona kila msimu ni kulamba asali tupu vijiko vitano dakika chache kabla ya kuanza. Fruktosi ikizidi uwezo wa utumbo huvuta maji, tumbo husokota, na mtu anaharia njiani. Kinywaji hicho cha asali kijaribiwe mazoezini kwanza.

Mrina asali, Igoma: Kocha, chavua unaionea. Ina protini, vitamini za kundi B na madini.

Mtaalamu wa lishe, Kirumba: Ndugu yangu, inazo, ila tazama kiasi. Kijiko cha chai ni kama gramu 5, ndani yake protini gramu 1 hivi. Dagaa wakavu wa ziwa letu, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na wapo sokoni kila siku. Ushahidi thabiti kwamba chavua inaongeza kasi haupo. Mwenye pumu au mzio anaweza kuvimba koo na kukosa pumzi kwa chavua au maziwa ya nyuki. Hilo ndilo linalonitia hofu kwa vijana wa shule.

Mrina asali, Igoma: La mzio nalikubali. Basi asali yenyewe mnunue kwa kipimo. Kudondosha kwenye maji au kuwasha kiberiti hakuthibitishi chochote. Mwambieni muuzaji aweke tone kwenye rifraktomita, kifaa cha kupima maji yaliyomo kwenye asali: maji yakizidi asilimia 20, itachacha. Kuganda si kasoro, ni glukosi inajitenga.

Kocha, Nyegezi: Na vidonge ambavyo haijulikani vina nini ndani msivipokee hata vya bure. Kwa kanuni za WADA, shirika la dunia linalopambana na dawa zilizokatazwa michezoni, mkimbiaji anawajibika kwa chochote kitakachokutwa mwilini mwake, hata kama chupa imeandikwa "asilia".