Bunduki ya upepo ya springi: nifunge darubini, nihamie PCP, au nibaki na mazoezi?

Tundu_Moja
Habari zenu wakuu. Nina bunduki ya upepo ya springi, ile ya kukunja mtutu. Huu ni mwezi wa nne nafanya nayo mazoezi kwenye karatasi, kila Jumamosi bila kukosa, na shabaha imegoma kupanda. Risasi ya kwanza inaingia karibu na katikati, ya pili inakwenda juu kulia, ya tatu siioni hata ilikopita. Nimeweka akiba kidogo na sasa niko njia panda. Nifunge darubini niachane na vilengeo vya chuma? Niiuze nichukue PCP, zile za kujaza hewa? Au nibaki nayo hivihivi, akiba yote iende kwenye peleti (risasi zake ndogo) na mazoezi? Nataka niwe nimeamua kabla mwezi haujaisha. Aliyewahi kupita humu anisaidie.

Kitako_Imara
Mkuu, kwa maelezo hayo hakuna wa kukupa jibu la maana. Unapiga umbali gani? Mtutu ni wa milimita 4.5 au 5.5? Peleti gani? Unaegemea nini? Na ukipiga 10 mfululizo bila kugusa vilengeo, matundu yanaenea upana gani? Tupe hivyo kwanza.

HewaTupu
Mimi sisubiri majibu hayo. Chukua PCP. Kwenye springi, ukivuta trigga pistoni nzito inakimbia mbele na bunduki inarudi nyuma. Pistoni ikigota kwenye hewa iliyobanwa mwisho wa silinda, bunduki inarukia mbele. Vurugu hiyo inaanza peleti ikiwa bado imo ndani ya mtutu. PCP haina mambo hayo: valvu inafunguka, hewa inasukuma, imekwisha. Siku niliyohama nilipiga matundu yanayogusana, nikajuta nimechelewa. Angalia mashindano ya mita 10, kote wanatumia hewa ya kujazwa, na nukta ya 10 pale ina upana wa nusu milimita tu.

Mzee_wa_Springi
HewaTupu, leo ni kweli, lakini usimfundishe kijana kwamba springi haina usahihi. Feinwerkbau 300S ni ya springi na ilikuwa bunduki ya mashindano ya mita 10 miaka ya 1970. Mtutu na silinda yake vimekaa kwenye reli, ukifyatua vinateleza nyuma na kitako kinabaki kimetulia begani. Kampuni ya Diana nao walitumia pistoni mbili zinazokwenda kinyume ili mateke yauane. Tatizo la mateke lilijulikana zamani na likatibiwa. Kwenye bunduki ya kawaida ya kukunja mtutu, tiba yake ni mikono ya mpigaji.

Na PCP umwambie yote. Inahitaji hewa yenye presha ya karibu bar 200, pampu ya gari haifiki huko hata kidogo. Anatakiwa awe na mtungi au pampu maalumu ya mkono, na sili za kubadilisha, zile za kuzuia hewa isivuje. Springi unakunja mara moja, unapiga.

Tundu_Moja
Asanteni. Ni 4.5. Umbali kama mita 20. Peleti ni zile zilizokuja pamoja na bunduki, na kopo jingine la zenye ncha kali nililoongeza mwenyewe. Upana wa matundu sijapima, ila kiganja kinafunika mengi yake.

Kitako_Imara
“Kama” mita 20? Pima kwa futi ya kamba mkuu, nusu ya lawama tunazozipa bunduki ni umbali usiojulikana. Na unaegemea nini, hujajibu.

Bi_Shabaha
Kabla ya kuegemea mimi nauliza lingine. Umesema ya tatu huioni ilikopita. Nyuma ya karatasi kuna nini? Peleti ya madini ya risasi ikikutana na zege au chuma kigumu kilichosimama wima inaweza kurudi usoni kwako. Weka sanduku nene lililojazwa matambara yaliyoshindiliwa, na miwani ya kinga uvae kila mara. Usipige tena mpaka hilo liwe sawa.

Tundu_Moja
Nyuma kuna kichuguu cha udongo, ila pembeni ni ukuta. Nitaweka sanduku, asante dada. Kuegemea: natumia meza, mtutu naulaza juu ya gogo la mbao, kitako nakibana begani kwa nguvu isichezecheze.

Bi_Shabaha
Basi ugonjwa umeutaja mwenyewe. Hiyo ndiyo namna sahihi ya kushika bunduki nyingine nyingi, na ndiyo namna mbaya kuliko zote ya kushika ya springi. Mtutu ukilala juu ya kitu kigumu, bunduki inaruka kutoka kwenye kitu hicho, na kila mara inaruka tofauti kidogo. Ukibana kwa nguvu, nguvu hiyo huwezi kuirudia ileile mara 10.

Fanya hivi. Juu ya meza weka mfuko wa mchanga, juu ya mfuko weka mgongo wa mkono wako wa kushoto, kiganja wazi, vidole visikunje. Bunduki ilale kwenye kiganja, mbele kidogo ya kinga ya trigga. Bandika kipande kidogo cha utepe chini ya ubao wa bunduki hapo kiganja kinapokaa, ili kila risasi mkono urudi palepale; ukisogea sentimita chache mbele au nyuma, matundu nayo yatahama. Kitako kiguse bega tu. Shavu liguse ubao, lisiukandamize. Mkono wa kulia ushike kama umeshika yai, dole gumba libaki upande uleule wa kulia, lisizunguke shingo ya kitako.

Halafu jaribio ambalo hunisaidia kila siku: lenga, fumba macho, vuta pumzi na uitoe, fumbua. Kama kilengeo kimehama, usikirudishe kwa misuli. Sogeza mfuko, sogeza kiti, mpaka ukifumbua ukikute kwenye nukta. Trigga vuta taratibu hadi ifyatue yenyewe, na baada ya kufyatua endelea kutazama kilengeo cha mbele mpaka bunduki itulie kabisa. Wengi huinua kichwa kuangalia tundu, na peleti inakuwa haijatoka.

Acha ile ijirushe inavyotaka. Unachotaka ni ijirushe vilevile kila mara.

FundiWaBisibisi
Kabla ya mkono, skrubu. Springi inatikisa bunduki nzima na skrubu za ubao zinalegea bila mtu kujua. Kaza mbili za mbele na za kinga ya trigga, usizivunje. Angalia pia kiungo cha mtutu: ukiukunja kisha ukautikisa kushoto kulia, usicheze. Nimeletewa bunduki nyingi za “shabaha mbovu” zikatoka mezani kwangu bila kubadilishwa chochote.

Mita_Ishirini
Kuhusu darubini, ngoja nikusimulie yangu yote, kwa sababu ilinipotezea msimu mzima.

Nilikuwa na springi kama yako, napiga kwa vilengeo vya chuma, matundu yanaingia kwenye mzunguko wa kikombe. Nikapata darubini kubwa, kioo safi kabisa, imetengenezwa kwa bunduki za baruti. Nikajiambia kama inavumilia baruti, upepo utaifanya nini. Nikaifunga. Wiki ya kwanza nilifurahi. Wiki ya pili matundu yakaanza kushuka. Nikazungusha kitasa cha juu cha kurekebishia, yakapanda, kesho yake yameshuka tena. Nikadhani mimi ndiye nimeharibika. Nikaacha chai, nikabadilisha kiti, nikaanza kulala mapema siku ya kuamkia mazoezi. Kopo zima la peleti liliisha hivyo, na daftari langu la vipimo nikalitupa kwa hasira.

Siku moja naisafisha nikaona mkwaruzo mpya unang'aa juu ya reli, urefu wa punje ya mchele, nyuma ya kishikio cha darubini. Darubini ilikuwa inatembea kurudi nyuma kila nikipiga. Nikaifungua, nikaikaza, nikaweka kizuizi cha pini. Haikusaidia, kwa sababu ndani kulikuwa kumeshaharibika: ukiitikisa karibu na sikio unasikia kitu kinagongagonga, na msalaba wa kulengea ulikuwa umegeuka kidogo, kama saa ya ukutani iliyoinama. Baruti inapiga teke upande mmoja, nyuma. Springi inapiga nyuma halafu mbele, na lenzi zile zilifungwa kuhimili upande mmoja tu. Kurudishiwa fedha nilinyimwa, walisema nimeitumia isivyotakiwa, na maandishi hayo kweli yalikuwemo kwenye karatasi ya udhamini ambayo sikuisoma.

Kwa hiyo ukinunua, iwe imeandikwa wazi kwamba ni ya bunduki za upepo za springi, kishikio kiwe kipande kimoja chenye pini ya kuzuia, na iweze kurekebishwa kuona vizuri mpaka mita 10. Nyingi za baruti zimepangwa kwa umbali wa mita 90 na zaidi, karibu zinaona ukungu, na ukisogeza jicho kidogo msalaba unahama juu ya nukta.

Tundu_Moja
Pole sana ndugu. Hiyo ya mkwaruzo nitaikumbuka.

Kasi_Kwanza
Mbona hamgusi tatizo la msingi? 4.5 ni ndogo. Angekuwa na 5.5 upepo wa pembeni usingemsumbua.

Mzee_wa_Springi
Kwa karatasi ya mita 20? 4.5 inatosha na inasamehe zaidi ukikosea umbali, kwa sababu inanyooka kuliko 5.5 yenye nguvu ileile.

Kasi_Kwanza
Basi achukue peleti nyepesi za aloi, kasi iongezeke, teke lisiwahi kumvuruga.

FundiWaBisibisi
Hapana, tafadhali asifanye hivyo. Peleti yenye kiuno imeumbwa kuruka chini ya kasi ya sauti, ambayo ni kama mita 340 kwa sekunde. Ukiikaribia kasi hiyo inaanza kuyumba. Na peleti nyepesi mno haimpi pistoni hewa ya kutosha ya kuegemea, pistoni inagonga mwisho wa silinda, springi na sili vinaumia. Ni karibu sawa na kufyatua bunduki tupu, jambo ambalo kwenye springi halifanywi kamwe.

Kasi_Kwanza
Mimi nimezitumia mwaka mzima na springi yangu ni nzima.

FundiWaBisibisi
Ifungue uone sili yake, kisha turudi hapa.

Bi_Shabaha
Turudi kwa mwenye mada. Zenye ncha kali weka pembeni, nyingi hazitoki kiwandani zikiwa na ncha katikati sawasawa. Kwa karatasi ya mita 10 chukua za kichwa bapa, zinakata tundu safi kama la mashine ya karatasi. Kwa mita 20 na kuendelea, za kichwa cha mviringo. Nunua makopo madogo ya aina tatu au nne, piga 10 za kila aina kwa mkono uleule, uache mtutu uchague. Na unapobadilisha aina, zile 10 za kwanza usizihesabu. Nawa mikono ukimaliza, hayo ni madini ya risasi halisi.

Kitako_Imara
Na wakati wa kupakia, mkono mmoja ushikilie mtutu uliokunjwa. Ukiachia kwa bahati mbaya unafunga kwa kishindo, unapinda, na vidole vinaweza kukatika.

Tundu_Moja
Wakuu nimerudi. Nimefunga sanduku la matambara. Skrubu ya mbele kulia iligeuka karibu mzunguko mzima kabla ya kukaza, nilishtuka. Umbali nimepima, ni mita 23, siyo 20. Nimepiga kwa kiganja wazi kama dada alivyosema. Tano za mwanzo zilikuwa ovyo, mkono ulikuwa unataka kubana wenyewe. Halafu 10 kwa zile za mviringo nilizoazima: 8 zinafunikwa na kifuniko cha chupa ya soda, 2 zimetoka nje kidogo upande wa kushoto, na zote mbili nilijua kabla sijaangalia, maana niliinua kichwa. Sijawahi kuona karatasi yangu hivi tangu niinunue.

HewaTupu
Hongera kwa kweli. Lakini hesabu ulichofanya ili upate 8. Na PCP ungepata 10 ukiwa umekaa unavyotaka.

Mzee_wa_Springi
Na asingejifunza kushika. Aliyetulia na springi ukimpa PCP anaruka.

HewaTupu
Sasa si ndiyo kusema mwisho wake ni PCP?

FundiWaBisibisi
Hizo ulizoazima zina kichwa cha ukubwa gani? Ubavuni mwa kopo pameandikwa 4.50, 4.51 au 4.52. Kama zinaingia mtutuni bila kusukumwa, jaribu 4.52.

Tundu_Moja
Kopo sikurudi nalo, nitamuuliza mwenyewe. Ila darubini bado inanivuta wakuu. Kilengeo cha mbele kinaifunika nukta yote kwa mita 23, macho yananichoka baada ya risasi 20. Kuna aliyefunga darubini kwenye ya kukunja mtutu ikakuta mtutu umeinama, inapiga chini mpaka kitasa kinaisha?

Mita_Ishirini
Ipo sana kwenye za kukunja. Kuna vishikio vilivyoinuliwa upande wa nyuma kwa ajili hiyo. Bunduki yako ina reli ya kawaida, na ina tundu la pini kwa nyuma? Piga picha utuwekee.