Naomba ushauri: matapeli wanatuandama sisi wakusanyaji wa sarafu za zamani

Habari za leo wakuu. Mwezi uliopita niliweka picha ya heller 20 yangu ya Tabora, sarafu ya enzi ya Wajerumani iliyotengenezwa Tabora, ile ya 1916 yenye taji na kiherufi T pale chini, sikuwa nauza jamani, nilitaka tu wenzangu waione. Kesho yake inboksi imejaa meseji, mmoja anasema yuko Ujerumani atanipa milioni 40, hajauliza hata kama ni ya shaba nyekundu au ile ya njano, mkusanyaji gani wa kweli asiyeomba picha ya upande wa pili? Akanitumia risiti eti hela imeshatoka ila imekwama, nilipie bima 85,000 kwa wakala wake. Nikamblock.

Sasa kinachoniumiza ni mzee mmoja tunayekusanya naye miaka mingi, ndiye aliyenifundisha kutosafisha sarafu kwa limao, yeye ameshawatumia matapeli kama hao hela mara mbili na sasa wanamwambia awasomee namba za uthibitisho zinazoingia kwenye simu yake. Nimemsihi asizitoe kabisa, ananijibu kijana una wivu.

Namba ya huyo wakala nimeshairipoti 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Naombeni mnisaidie, mzee kama huyu unamwambiaje akuelewe bila kumvunjia heshima? Nipitie kwa mwanae au nitamuaibisha? Na kuna aliyewahi kurudishiwa hela kwa kwenda polisi, alibeba ushahidi gani? Nauliza haraka maana kasema Ijumaa anatuma tena.