Mtoto kutimiza miaka 18 hakufuti deni la matunzo: Sh 10,320,000 zangu ziko wapi?

Wanajukwaa, salaam. Naandika nikiwa na hasira, lakini nitajitahidi kueleza mambo kwa mpangilio, kwa kuwa nimechoka kuambiwa kwamba wanawake tukidai haki tunapiga kelele tu.

Mwishoni mwa mwaka 2013 mahakama ilimwamuru mzazi mwenzangu atoe Sh 80,000 kila mwezi kwa ajili ya matunzo ya binti yetu, kuanzia Januari 2014. Hatukuwa na ndoa, lakini hakukana mtoto, na kiwango hicho alikikubali mwenyewe mbele ya hakimu. Alilipa miezi 14, kwa kusuasua, kisha akanyamaza. Binti alitimiza miaka 18 Novemba 2025. Kuanzia Januari 2014 hadi mwezi huo ni miezi 143. Ukitoa 14 aliyolipa inabaki 129, ambayo kwa Sh 80,000 ni Sh 10,320,000. Hesabu hiyo sikuipiga kwa kukisia, kwa sababu nakala ya amri ninayo, na taarifa ya miamala ya simu inaonyesha kila shilingi aliyowahi kutuma.

Nilipomtumia hesabu hiyo alinijibu kwa mstari mmoja: "Huyo si mtoto tena, ana namba ya NIDA, anaweza kujitegemea."

Huyo anayeweza kujitegemea yuko kidato cha tano. Na hata angekuwa ameajiriwa benki, swali langu lingebaki palepale: chakula alichokula akiwa na miaka 9 kilinunuliwa na nani? Mimi sidai matunzo ya kesho. Nadai ya jana, ambayo niliyabeba peke yangu kwa kuuza chapati na supu Mbagala kuanzia saa kumi na moja alfajiri, na kwa mikopo ile ya riba kubwa tunayoiita kausha damu, ambayo mkopeshaji hakuwahi kunisamehe hata siku moja kwa hoja kwamba muda umepita. Mtu aliyenikopesha laki mbili alibeba runinga yangu mbele ya mtoto. Aliyeshindwa kutii amri ya mahakama kwa miaka zaidi ya kumi anaendesha duka la vipuri eneo la Gerezani na ana bajaji mbili barabarani.

Wapo watakaosema elimu ilikuwa bila malipo tangu mwaka 2016. Ni kweli ada iliondolewa. Sare, madaftari, nauli ya daladala, dawa na kodi ya chumba havikuondolewa, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inapotaja wajibu wa mzazi inataja chakula, malazi, mavazi na dawa, haiishii kwenye elimu. Sheria hiyohiyo ndiyo iliyofuta ile ya zamani ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa, ambayo kikomo chake kilikuwa Sh 100 kwa mwezi. Wakati mwingine nahisi wanaume wengine bado wanaishi katika sheria ile ya shilingi mia.

Kilichonikasirisha zaidi si yeye, maana yeye nimeshamzoea. Nilikwenda katika ofisi moja ya umma hapa Dar es Salaam, nikapanga foleni tangu asubuhi, na afisa akafungua jalada, akasoma tarehe ya kuzaliwa, akalifunga. "Mama, mtoto ameshakuwa mkubwa, hapa hatuna mtoto." Hakuuliza kiasi kilicholimbikizwa wala kama binti bado anasoma, ingawa sheria inairuhusu mahakama kuendeleza amri ya matunzo baada ya miaka 18 iwapo mtoto bado yuko masomoni au kwenye mafunzo. Kufika mwisho kwa amri ni jambo moja, na kufutwa kwa deni lililokwisha kuiva chini ya amri hiyo ni jambo jingine kabisa, na sielewi ni kwa nini nalazimika kumweleza hayo mtu anayelipwa mshahara kwa kazi hiyo.

Wazee wa upande wake nao waliniita kikao. Shangazi yake alinishika mkono na kuniambia, "Mwanangu, funika kombe mwanaharamu apite, binti ataolewa kesho, baba yake utamhitaji." Nilimjibu kwa heshima kwamba kombe hilo nimelifunika tangu mwaka 2015 na hakuna aliyepita.

Kosa langu nalikiri: nilichelewa. Nilipaswa kurudi mahakamani kuomba kukazia amri, yaani mahakama imlazimishe kulipa, mara tu alipoacha kulipa, badala ya kuamini ahadi za "mwezi ujao". Msaidizi wa kisheria niliyempata amenionya kwamba upande wa pili unaweza kuinua hoja ya ukomo wa muda, yaani kwamba muda wa kudai umeshapita, hivyo kila mwezi ninaopoteza sasa unanigharimu. Wiki ijayo naanza maombi mawili: la malimbikizo, na la kuendeleza matunzo hadi binti amalize masomo.

Naomba aliyewahi kukazia amri ya matunzo baada ya mtoto kuvuka miaka 18 anieleze mambo mawili. Je, mahakama iliruhusu deni lote au sehemu yake tu? Na dalali wa mahakama alikamata mali iliyoandikwa jina la mdaiwa pekee, au hata bajaji zilizosajiliwa kwa jina la mdogo wake? Wanaotaka kunishauri nimwachie Mungu, nawaomba waupite uzi huu.