Je, kuvuta bangi kunaweza kumletea mtu maumivu ya kichwa?

Kaka wa Arua:
Salaam kwenu nyote. Mdogo wangu ni mwendesha bodaboda, na kwa muda mrefu amekuwa akivuta bangi iliyochanganywa na tumbaku. Siku hizi huamka akiwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, akameza Panadol, kisha akishavuta husema kwamba kimetulia. Kituo cha afya walimpima malaria wasione kitu. Wenzake wa steji wanamwambia bangi ndiyo dawa yake, nami nahofia kwamba ndiyo inayomuumiza. Naomba mwenye ujuzi anieleze.

Muuguzi, Mbale:
Ndugu yangu, hofu yako ina msingi. Bangi huongeza mapigo ya moyo na kubadilisha mtiririko wa damu katika mishipa, na moshi wake, kama moshi wowote, una gesi ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, ambayo peke yake huumiza kichwa. Tena mtu aliyezoea kuvuta kila siku akiacha, kichwa huweza kuanza kumuuma kati ya siku ya 1 na ya 3, pamoja na kukosa usingizi na hasira za karibu.

Hata hivyo, maumivu ya kila asubuhi yananifanya niitazame zaidi ile tumbaku, kwa kuwa mwili huanza kuidai nikotini, kilevi kilichomo katika tumbaku, baada ya saa chache tu, na anapovuta tena deni hilo hulipwa, ndiyo maana anadhani ametibiwa. Muulize pia kuhusu Panadol. Anayeimeza siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, anaweza kupata maumivu yanayoletwa na dawa yenyewe.

Mwenye kipandauso, Entebbe:
Kwa heshima, Muuguzi, wapo wagonjwa wa kipandauso wanaopata nafuu kwa bangi, nami nimewaona.

Muuguzi, Mbale:
Sikatai, dada. Lakini nafuu ya saa chache haithibitishi kwamba ugonjwa unapungua, na wanaoitumia mara kwa mara huweza kujikuta wakiumwa siku nyingi kuliko awali.

Kaka wa Arua:
Asante sana. Je, akikubali kuacha, atateseka kwa muda gani?

Muuguzi, Mbale:
Wiki ya kwanza ndiyo ngumu, na kwa wengi hali hutulia ndani ya wiki 2 au 3, ingawa usingizi huchelewa kurudi. Ale vizuri, anywe maji ya kutosha, na siku ambazo kichwa kinamzunguka usimruhusu kubeba abiria. Akizidiwa, Hospitali ya Butabika kule Kampala ina kitengo cha watu waliozoea pombe na dawa za kulevya. Lakini kichwa kikimpasua ghafla, maumivu yakafika kilele ndani ya dakika 1, au akapata homa na shingo kukakamaa, au upande mmoja wa mwili ukalegea, mpeleke hospitali iliyo karibu saa hiyo hiyo, na umweleze daktari wazi kwamba anavuta bangi.