Mafundi wa Mbeya, mnaamuaje injini ifanyiwe ovahoo (ifunguliwe yote na kubadilishwa vilivyolika) au itupwe bila hata kupima?

Wakuu habari zenu. Nina hasira, mtanivumilia.

Toyota IST yangu, injini 1NZ, ilichemsha nikitoka Kyela, kwenye ule mpando wa Kiwira kuja Isyonje. Anayeijua hiyo njia anaelewa: unatoka kwenye joto la ziwa unapanda mpaka kwenye ukungu, tena una magunia ya mchele nyuma. Rejeta ilikuwa imepasuka. Nikazima palepale, ikavutwa hadi gereji moja hapa mjini.

Fundi akachomoa kijiti cha oili, akakuta rangi ya chai ya maziwa. Maji yameingia, hilo sibishi. Ila hukumu ikatoka hapohapo, kabla ya kufungua hata nati moja: "Bosi, hii ovahoo tu." Ringi za pistoni, beringi za konrodi, gasketi, oili na ufundi, laki nane na ushee ikaondoka.

Sasa sikieni kazi yenyewe. Hedi ya 1NZ, kile kipande cha juu kinachofunika silinda, ni alumini, ikichemka inapinda. Toyota wanataka upindo usizidi milimita 0.05, na unapimwa kwa rula iliyonyooka na fila geji (vile vibamba vyembamba vya kupimia mwanya), shughuli ya dakika chache. Yeye kaisugua kwa msasa, kwa mkono, akairudishia. Ringi mpya kazivisha kwenye silinda ambazo hakuzipima kama bado ni duara au zimelika upande. Ringi mpya ndani ya silinda iliyolika haikai, hata uifunge kwa dua.

Haikuchukua muda. Moshi wa bluu, oili inapungua, maji yanarushwa nje. Narudi gereji, bwana yule ananiambia kwa uso mkavu: "Hizi za alumini hazifanyiwi ovahoo bosi, tafuta injini nyingine. Nina jamaa yangu anauza."

Wewe! Kwa nini hukusema hivyo kabla laki nane haijaingia mfukoni kwako?

Na kinachoniuma ni kwamba kuna nusu ya ukweli mle. Bloku ya 1NZ, yaani mwili wa injini wenye silinda, ni alumini, na slivu zake za chuma, yaani kuta za silinda, ni nyembamba. Si injini ya 3S ya zile Noah za zamani, bloku chuma tupu, unaibori (unatanua silinda kwa mashine), unatia pistoni za saizi ya juu, unarudi barabarani. Kwa 1NZ, silinda zikiwa bado ndani ya kipimo, skimu hedi (inyooshwe uso kwa mashine), badili gasketi na ringi, umemaliza kwa bei nafuu kuliko injini nyingine. Zikiwa zimetoka nje ya kipimo, usipoteze hela, tafuta injini. Lakini hilo linaamuliwa na bori geji, kifaa cha kupimia upana wa silinda. Fundi anachungulia kwa tochi ya simu, anasonya, basi, ndiyo kipimo!

Huyo jamaa wa injini naye. Injini ya Japani, milioni moja na nusu, imekaa chini haijulikani imetembea kilomita ngapi. Nikamwambia tupime kompresheni, yaani presha ambayo kila silinda inabana, maana kwa stata na betri inapimika hata ikiwa chini, tuone kama silinda zote nne hazipishani zaidi ya kilo moja. Akacheka. Waranti yake: ikiwaka, tumemalizana. Nikauliza karatasi, kwa sababu namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. "Hiyo utajuana na TRA."

Halafu mpaka leo hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini gari ilichemsha! Rejeta imezibwa kwa gundi. Thamostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, imetupwa, eti "huku kwetu baridi, haina kazi". Jamani, ndiyo ina kazi zaidi! Ile hufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84. Ukiitoa, asubuhi ya mwezi wa sita pale Uyole injini inazunguka baridi njia nzima na kunywa mafuta. Na mfuniko wa rejeta wamenirudishia uliolegea. Mbeya mjini tupo kama mita 1,700 juu ya bahari, maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Mfuniko mzima ndio unaobana presha mpaka maji yavuke 110 bila kuchemka. Ningenunua hiyo injini ya milioni na nusu nikaifunga kwenye rejeta hiyohiyo, ingekufa kabla sijaimaliza Kiwira.

Mwenye kujua karakana yenye bori geji na mashine ya kuskimu hedi, iwe Mbeya, Makambako au Iringa, aiandike hapa. Bloku na hedi viko tayari kupakiwa. Na mliowahi kudai hela ya ufundi, mlianzia wapi? Wangu kasema nikamshitaki ninakotaka.