Boga la Halloween linaoza kabla ya tarehe 31 Oktoba

MamaTatu: Wakuu, habari za leo. Tuko Marekani, watoto wanataka boga la kuchonga sura. Likichongwa wiki mbili kabla linaota ukungu na sura inanywea. Nifanyeje lifike tarehe 31? Na kwa nini boga hasa?

Mchongaji: Wiki mbili ni mapema mno, dada. Boga zima hukaa miezi kwa sababu ganda limefunga. Ukishalikata linapoteza maji na ukungu unapata njia. Chonga siku mbili au tatu kabla.

Mfuniko ukate kisu kikiwa kimelala kuelekea katikati; ukikata wima, mfuniko utatumbukia ndani. Toa mbegu, kisha kwangua kwa kijiko cha chuma mpaka nyuzi ziishe kabisa, maana ndizo zinazooza kwanza. Upande wa sura bakiza unene wa sentimita 2.5 hivi. Ukizidisha, mwanga hautoki vizuri. Ukipunguza sana, meno yanajikunja. Mwisho changanya kijiko kimoja cha chakula cha jiki na lita 4 za maji, nyunyizia ndani na kwenye mikato yote, liache likauke.

Mzee wa Historia: Mzizi wake ni Samhain, sikukuu ya Waselti, watu wa kale wa Ayalandi na Uingereza, ya kufunga mavuno, iliyoanza jioni ya 31 Oktoba. Waliamini usiku huo wafu wako karibu na walio hai. Kanisa likaweka sikukuu ya Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba, na mkesha wake ndio Halloween.

Ayalandi walichonga taa za tanipu, mboga ya mzizi wa mviringo. Husimulia habari za Jack, aliyemlaghai shetani: alipokufa peponi hakupokelewa, motoni nako akakataliwa, akabaki kutangatanga gizani na kaa la moto ndani ya tanipu. Makumbusho ya taifa pale Turlough Park, County Mayo, huko Ayalandi, wana nakala ya plasta ya taa ya tanipu kutoka Donegal, na kwa kweli inatisha kuliko boga lolote. Waayalandi walioikimbia njaa ya miaka ya 1840 walikuta Marekani maboga makubwa yenye uwazi ndani tayari. Tanipu ni nyama ngumu tupu, kuichimba ni kazi nzito.

Mchongaji: Nyongeza: tumia taa ndogo ya betri. Mshumaa unalipika boga kwa ndani, na nguo za watoto zenye mikia mirefu hushika moto upesi. Usiku wa barafu liingize ndani, maana likiganda kisha likayeyuka linalegea lote. Mbegu ulizotoa zioshe, zikaushe, tia chumvi na mafuta kidogo, oveni nyuzijoto 160 za Selsiasi kama dakika 20, ukizigeuza.