Naomba ushauri: safu za Bajeti na Asilimia zitokee mara moja tu kwenye Power BI

Wakuu, habari za kazi. Nina ripoti ya mauzo ya matawi kwenye Power BI (programu ya Microsoft ya kutengeneza ripoti), jedwali la matriksi: matawi kwenye mistari, miezi kwenye safu. Bosi anataka kila mwezi uonyeshe mauzo tu, halafu mwishoni kabisa ndiyo zije Jumla, Bajeti na Asilimia. Nikiweka vipimo vyote (measures, yaani fomula za hesabu), vinajirudia chini ya kila mwezi na jedwali linakuwa refu kama treni ya mizigo.

Kuzibana safu kwa mkono hadi zipotee kunasaidia, ila mwezi mpya ukiingia safu zake zinachomoza tena.

Sasa nimetengeneza jedwali la pembeni lisilounganishwa na mengine, lenye majina ya safu ninazotaka, na kipimo kimoja chenye fomula ya SWITCH kinachochagua hesabu ya kila safu. Mpangilio umekaa vizuri. Shida ni kwamba shilingi na asilimia ziko kwenye kipimo kimoja. Nikitumia FORMAT (fomula ya kupanga mwonekano wa namba) namba zinageuka maandishi, na mhasibu akizipeleka Excel hazijumlishiki.

Aliyewahi kutumia muundo wa namba unaobadilika ndani ya kipimo (dynamic format string): je, namba zinabaki namba hadi Excel? Au nihamie tu Report Builder, programu nyingine ya Microsoft ya ripoti? Kumshawishi bosi abadili mawazo, hilo tusahau.